Mkaa Haubishi Hodi

Kuku ndiye aliyetangulia kufa.

Alikuwa mtetea mwekundu wa Bibi, mkali kama pilipili kichaa, na pahali alipopachagua kuatamia ni chini ya kitanda cha kamba, kwenye pembe, ndani ya kapu bovu. Chumba hichohicho ndimo alimolazwa dada yangu alipojifungua binti yake wa kwanza. Wengine wangemhamisha kuku. Bibi yetu alikataa. Alisema mzazi na kuku anayeatamia wakiwa chumba kimoja ni kheri juu ya kheri. Nikacheka, nikamwambia dada, "Angalia huyo asikutangulie kutoka arubaini."

Hakutoka. Asubuhi moja nilipoinama kufagia nilimkuta kalaza shingo juu ya mayai yake, mwili bado una vuguvugu. Hakuwa na jeraha, hakuharisha, wala unyoya mmoja haukunyonyoka. Alikuwa kama aliyesinzia akapitiwa.

"Kideri," Bibi alisema. Akambeba kwa miguu, akaenda kumfukia nyuma ya choo.

Nikabaki na ufagio mkononi. Kideri nakijua. Kikiingia uani hakichagui, kinafyeka kuku wakubwa na vifaranga. Lakini kuku wengine wa Bibi walikuwa nje wanaparura, wazima wa afya, wanamkimbia jogoo kama kawaida yao. Aliyekufa ni yule mmoja aliyekuwa ndani. Nikajiuliza, hiki kideri gani kinachojua chumba? Mara mtoto akalia, na mtoto yule akilia nilikuwa nasahau hata nilikokuwa naelekea.

Ili nieleweke, inabidi niueleze mtungi wa gesi.

Kabla dada hajajifungua walikuja watu pale sokoni Dunda na gari lenye spika. Wakatandika meza, wakaweka jiko la gesi, wakaanza kukaanga mayai mbele ya watu. Mimi shule sikufika mbali, niliishia kidato cha pili, lakini ndoto ninazo za kugawia mtaa mzima. Nilipouona ule moto wa buluu, umetulia, hauna jivu wala moshi, papo hapo nililiona duka langu. Nililiona limepakwa rangi, mitungi imejipanga, na juu ya mlango pameandikwa JIKO LISILO NA MACHOZI.

Mama mmoja muuza vitumbua akauliza, mikono kiunoni, "Mbona linanuka?"

Kijana aliyekuwa akionyesha akamjibu kwamba gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu hutiwa makusudi.

"Makusudi?" Mama akawageukia wenzake. "Jamani mmesikia? Wanatutilia uvundo makusudi, halafu wanatuuzia!"

Watu wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, akasubiri kelele zitulie. "Mama yangu, hiyo harufu ni hodi. Gesi ikivuja inabisha hodi. Unaisikia, unafunga mtungi, unafungua madirisha. Sasa wewe mkaa unao nyumbani?"

"Ninao, tena wa Ubena."

"Mkaa ukishakolea, moshi umekwisha, hunusi kitu. Lakini hewa yake mbaya bado inatoka. Ukiuweka kwenye chumba kilichofungwa inakuchukua umelala, hata hujui. Mkaa haubishi hodi, mama."

"Tokaa! Nimezaliwa kwenye mkaa, nimeolewa kwenye mkaa, ndio leo unichukue?"

"Na ukoko je?" mwingine akadakia kutoka nyuma. "Hilo jiko lako linapalia moto juu?"

Hapo kijana alikwama. Wali wetu wa nazi ukikaribia kuiva hupaliwa makaa juu ya kifuniko, ukaive juu na chini, na asiyejua hilo mbele ya wanawake wa Bagamoyo bora akafungashe meza yake. Watu wakatawanyika wakicheka. Mimi nilibaki. Lile neno la hodi lilikuwa limeniganda. Huku kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba mgeni mwema husimama mlangoni akaita, akaitikiwa. Anayeingia kimya kaja kuchukua kitu.

Nikamwandama shemeji. Shemeji, mume wa dada, ni dereva wa lori njia ya Chalinze, na kila akirudi hututeremshia gunia la mkaa. Nilimwimbia habari za gesi mpaka siku moja akateremsha gunia, na nyuma ya gunia akateremsha mtungi mdogo na jiko lake.

"Haya, shemeji," akasema. "Sasa nipumzishe masikio."

Nilirukaruka kama mtoto. Bibi alisimama mlangoni, kajifunga kanga kifuani, akanitazama ninavyowasha.

"Mke mwenzangu," akaniita. Ndivyo anavyoniita tangu udogo wangu, utani wa bibi na mjukuu, ati tunamgombania babu mmoja, ingawa babu mwenyewe yuko makaburini siku nyingi. "Hilo bomu lako likilipuka nani atanizika, na wewe umekufa?"

"Tutazikwa pamoja, Bibi, tukamgombanie hukohuko."

Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Lakini mtungi hakuugusa. Ukawa mtungi wa chai. Wali ni mkaa, maharage ni mkaa, na maji ya kumkandia mzazi ni mkaa vilevile. "Joto la gesi la juu juu," alisema, "halifiki mfupani." Alivyolitamka hilo neno mfupani, huku akijipapasa goti, nilijua hakuna wa kumjibu.

Mzazi ndiye niliyetaka kumsema. Kwetu mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na mpaka arubaini yake iishe hulelewa kama yai. Anakandwa, anapewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa pweza, na chini ya kitanda chake huwekwa makaa yaliyokolea, mwili urudi, baridi isimwingie tumboni. Bibi amelea wazazi wengi mtaani kwetu, akiwamo mama yangu, na wote walitoka wamenawiri. Sipendi mtu amcheke. Mikono yake ile ndiyo iliyonipokea mimi.

Lakini mama alilelewa katika nyumba ya makuti. Nimeikuta kidogo nikiwa mdogo. Ukilala chali ulikuwa unaona mwanga umechoma paa kama sindano, na moshi wa jikoni ulijipenyezea humohumo ukaenda zake. Shemeji, kwa mapenzi yake, chumba cha dada alikitengeneza upya kabla ya kujifungua. Alipiga plasta nyufa zote, akaweka dari ya mbao nyembamba chini ya mabati, akatia mlango mpya unaofunga barabara. Palibaki tundu moja tu juu ya dirisha, la kutosha ngumi. Bibi akaliona, akachukua tambara la kanga kuukuu, akalisokomeza mpaka likajaa.

"Upepo ni mwembamba," akasema. "Unapita hata hapo."

Na ilikuwa masika. Dirisha lenyewe halikufunguliwa kutwa.

Baada ya kuku kufa, dada akaanza kulalamika kichwa. Alikuwa mcheshi dada yangu, kupita hata mimi. Nikibisha hodi mlangoni kwake, maana chumba cha mzazi hakiingiwi bila hodi hata na wa nyumbani, alikuwa akiitikia, "Karibu, kama una kitu mkononi!" Siku zile akawa anaitikia kwa sauti ya chini. Kichwa kinamgonga, akasema. Kichefuchefu. Miguu mizito kama ya mtu mwingine.

"Ni baridi," Bibi akasema. "Joto halijamtosha."

Akaongeza makaa.

Jioni dada akitoka kwenda kuoga uani kichwa kinamwacha. Akirudi ndani kinarudi. Nilimwambia Bibi yale ya sokoni, kwamba mkaa una hewa isiyonuka. Akanikazia macho.

"Unaona moshi humu?"

"Hakuna, Bibi."

"Unasikia harufu?"

"Sisikii."

"Basi. Kinachonuka ni hicho kidude chako cha buluu. Kitu kinachonuka unakiita kizuri, kisichonuka unakiita kibaya. Haya ndiyo mliyokwenda kusoma?"

Nikacheka, kwa kuwa alisema kwa utani. Ila usingizini nikawa namwona kuku.

Siku yenyewe nilitumwa Mbegani kutafuta pweza kwa ajili ya mchuzi wa mzazi. Nilirudi na bodaboda baada ya adhuhuri, mvua imenikung'uta, pweza wangu kwenye mfuko mkononi. Bibi alikuwa ubarazani anasuka ukili, kajikunyata pasipovuja.

"Shikamoo, Bibi. Wameamka?"

"Marahaba. Wamelala fofofo. Leo joto limewaingia sawasawa, hata mtoto hajalia. Usiwaamshe."

Hata mtoto hajalia. Yule mtoto alikuwa analia kila kitu, hata kunguru akitua paani. Nikavua ndala, nikaenda mpaka mlangoni kwa dada.

"Hodi, mzazi."

Mvua juu ya mabati.

"Hodi! Nina kitu mkononi!"

Nikausukuma mlango.

Nilichokikuta mle ndani sijakisahau. Palikuwa safi. Hewa haikuwa na chochote, ni ubani kwa mbali tu. Chini ya kitanda makaa yalikuwa mekundu, yametulia, yanapumua polepole. Na dada alikuwa mzuri. Mashavu yamemjaa rangi, midomo imeiva, mzuri kuliko siku ya harusi yake. Nikamtikisa bega. Kichwa kikaangukia upande wa pili, kikabaki hukohuko.

Pweza alianguka. Nikamnyakua mtoto, mlegevu kama kanga iliyoloweshwa, nikatoka naye mbio mpaka ubarazani, penye manyunyu.

Bibi aliruka. "Upepo! Wee mtoto, unamuulia mwenzio mwana! Mrudishe ndani!"

"Mshike, Bibi! Usimrudishe! Mshike hapohapo!"

Sijapata kumfokea Bibi, si kabla wala baada. Nadhani ndiyo maana alimshika. Nikarudi ndani, nikamwingiza dada mikono kwapani, nikamvuta. Jirani yetu wa nyumba mpya, mama mmoja mnene mwenye huruma, alisikia kelele akaja akamshika miguu. Tukamlaza kwenye sakafu ya ubaraza. Kwa muda palikuwa na mvua tu. Halafu dada akatapika. Halafu mtoto, mikononi mwa Bibi, akakunja uso uliolowa na kutoa kilio chembamba kama cha paka aliyekanyagwa. Nilikaa chini kwenye maji, nikacheka na kulia kwa pamoja, hata jirani akadhani nami nimepatwa.

Bajaji ilipokuja ikawachukua dada, mtoto, Bibi na jirani. Mimi nikabaki kufunga nyumba. Yaliyotokea hospitali niliyasikia kwa jirani, na mpaka leo nikiyakumbuka natamani ningebebwa hata juu ya turubai.

Nesi aliwapokea vizuri. Aliwawekea wagonjwa hewa ya kupumua, akamtazama dada macho, akamtazama mtoto, kisha akauliza swali lililokuwa sahihi kabisa. "Humo ndani mlikuwa na jiko?"

Bibi hakusema uongo, na namjua, angekufa kuliko kumdanganya mtu aliyemsaidia. Lakini kwake yale makaa chini ya kitanda si jiko. Jiko ni la kupikia. Yale yanaitwa moto wa mzazi, ni dawa, kama ubani ulivyo dawa. Akafikiri nyumba nzima, jiko gani liko ndani, akajibu kwa moyo mweupe:

"Lipo, mwanangu. La gesi. Kalileta mumewe."

"Basi bibi, jiko litoke ndani ya nyumba. Lisikae tena. Leo mngezika watu wawili."

Waliporudi kesho yake, wazima, wamechoka, habari zilikuwa zimewatangulia. Mtaa mzima ulikuwa na neno moja: gesi. Mama muuza vitumbua alikuja kumpa dada pole, akaniambia mimi, "Si nilisema pale sokoni? Harufu ile!" Shemeji alifika kutoka safari, akambusu mwanawe, akaenda moja kwa moja jikoni. Mtungi ulikuwa umefungwa tangu asubuhi ile ya chai, ukuta wa jikoni na chumba cha dada vimetenganishwa na ua mzima. Nikamweleza. Nikamweleza tena.

"Shemeji," akasema, wala hakunitazama, "nesi kataja jiko. Mimi mwanangu si wa kufanyiwa majaribio."

Akaubeba mtungi begani, akautia kwenye lori. Nikausindikiza kwa macho mpaka kona ya msikiti, na duka langu likaondoka nao, na rangi yake yote.

Nilipogeuka nilimwona Bibi anapita na koleo. Makaa yaliyokolea, mekundu, hayana moshi hata chembe. Anayapeleka chumbani.

"Bibi, nesi kasema jiko litoke."

"Limetoka. Hukuliona linatoka?"

"Na hilo?"

"Hili si jiko." Alisimama, koleo mkononi, akaniangalia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Huu ni moto wa mzazi, mke mwenzangu. Mwenzio kapigwa na upepo wa mvua wewe ukishuhudia. Sasa ndio anataka joto kuliko mwanzo."

Dada aliniangalia tu. Mzazi hambishii anayemlea.

Ningefanya nini? Sikuwa na cheti, sikuwa na mtungi, nilikuwa na neno moja la sokoni. Nilimfuata Bibi ndani, nikangoja apange makaa yake na kutoka. Kisha nikapanda juu ya kiti na kulichomoa lile tambara kutoka kwenye tundu. Hewa ya mvua ikanipiga usoni, nyembamba, tamu. Nikaacha na mlango wazi kiasi cha kiganja, nikakaa hapo kizingitini.

Bibi alipita. Akaliona tundu. Akapanda kiti kwa shida, magoti yake yakilia, akalisokomeza tambara. Akatoka, nikalichomoa. Ikawa ndiyo maisha yetu. Yeye anaziba, mimi nazibua, na katikati yetu dada na mtoto wamelala, na chini yao ule wekundu unapumua. Sikuenda popote. Nikienda chooni nilikwenda mbio na kurudi mbio. Mchana mmoja nilisinzia pale kizingitini, nikashtuka, nikatazama juu. Tundu lilikuwa wazi. Sikumbuki kama ni mimi niliyelizibua mara ya mwisho. Bibi alikuwa ameketi kitandani miguuni pa dada, anasuka ukili wake, na tambara lilikuwa chini, chini ya unyayo wake.

Dada alitoka arubaini. Mtoto akanyolewa, akatiwa wanja, akalia kama kawaida yake, na kila akilia mimi husema alhamdulillahi.

Nilidhani yamekwisha. Lakini juma hili mkwe wa yule jirani mnene amejifungua, na jirani kamwita Bibi aje amlee. Leo asubuhi Bibi kafungasha mafuta yake, ubani wake, kanga zake za kazi. Mimi nilikuwa nafua uani.

"Mke mwenzangu," akaita. "Beba mkaa."

Sikuinuka.

Akasimama akinipa mgongo. Alikuwa akilifunga upya fundo la kanga yake, jambo lisilohitaji muda wote ule. "Beba mkaa," akasema tena, "na wewe uje ulinde tundu lako."

Nilijifuta mikono, nikabeba. Njiani nikamwambia, "Bibi, ile nyumba mpya haina tundu."

Alipunguza mwendo.

Ni kweli haina. Ni nyumba nzuri, ya vigae, madirisha ya vioo vya kuteleza, yale ambayo jirani amekuwa akiyasifia tangu mwaka jana kwamba hayapitishi vumbi. Tulipobisha hodi mlangoni kwa mzazi tukaitikiwa kwa furaha. Binti mdogo wa watu, kajifunga kitambaa kichwani, mtoto kifuani, anatutabasamia.

"Ingieni, ingieni upesi," jirani akasema, akakisukuma kioo. "Upepo usije ukamwingia mzazi wetu."

Kioo kiliteleza bila sauti. Kelele za nje zikapungua, zikapungua, kama mtu anayeondoka. Kabla hakijafika mwisho niliingiza vidole vyangu kwenye reli yake. Kikanibana. Jirani akageuka.

"Vipi wewe? Utaumia!"

Nikamtazama Bibi. Koleo lilikuwa mkononi mwake, makaa tuliyoyawasha uani kwa jirani bado hayajakolea, yanatoa moshi. Akavitazama vidole vyangu muda mrefu.

"Mwache," akasema. "Hapo ndipo anapokaa."

Kisha akainama, akaanza kupuliza moto.